Usalama Kazini kwa Watumishi wa Halmashauri: Kutunza Mahali pa Kazi na Kuandika Taarifa ya Tukio

Mtumishi wa halmashauri hukutana na hatari za aina nyingi, kwa kuwa siku moja huwa masjala akitafuta jalada na siku nyingine yuko juu ya pikipiki akielekea kijiji cha mbali wilayani Chamwino au Bahi mkoani Dodoma, huku mwenzake wa idara ya usafi akifuatana na lori la taka kuelekea dampo la Chidaya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inampa mwajiri wajibu wa kuwalinda watumishi wake, na inamtaka mtumishi naye awe mwangalifu na kutoa taarifa anapoona jambo la hatari.

Ukaguzi uanzie masjala, kwa sababu ndiko hatari inakozoeleka upesi. Kabati likijaa, majalada huanza kupangwa sakafuni, yakahamia kwenye korido, na mwisho yakaziba mlango wa dharura ambao hakuna anayekumbuka ufunguo wake uko wapi. Majalada mazito yawekwe rafu za chini, na yale yasiyotumika yaondolewe kwa kufuata utaratibu wa nyaraka za Serikali, maana si halali yakaishie kufungia maandazi sokoni. Pawepo pia ngazi fupi ya kufikia rafu za juu, kwani kiti chenye magurudumu hakikutengenezwa kupandwa.

Birika la umeme lisichomekwe kwenye ekstensheni moja na kompyuta, printa na feni. Litumie soketi yake ya ukutani. Wakati wa kiangazi, upepo wa Dodoma huingiza vumbi laini ambalo huziba matundu ya kupozea kompyuta na kufanya sakafu ya vigae iteleze hata ikiwa kavu. Vumbi hilo lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu ufagio mkavu hulirusha hewani na kulipeleka kifuani; kompyuta, kwa upande wake, izimwe na kuchomolewa kwanza kabla ya kufutwa. Kuhusu mitungi ya kuzimia moto, ule wa unga huwa na kipimo ambacho mshale wake unapaswa kuwa kwenye kijani, lakini ule wa kaboni dayoksaidi hauna mshale, hivyo fundi huupima kwa uzito. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, ibandikwe ukutani panapoonekana.

Kwa walio nje ya ofisi, mzoa taka avae glavu ngumu, gumboti, barakoa na fulana inayoakisi mwanga, wala asipande juu ya shehena. Mwendesha pikipiki avae kofia ngumu hata kama safari ni fupi, na wakati wa masika asivuke korongo lenye maji yanayotiririka.

Tukio likitokea, kwanza muhudumieni aliyeumia na kuidhibiti hatari, kisha mjulisheni msimamizi, na msihamishe vitu zaidi ya inavyohitajika kumwokoa mtu. Taarifa iandikwe siku hiyohiyo, hata kama hakuna aliyeumia. Rafu iliyoanguka chumba kikiwa kitupu inastahili kuandikwa sawa na ile iliyomvunja mtu mguu, na kwa maoni yangu inastahili zaidi, kwa kuwa bado kuna nafasi ya kuzuia.

Sentensi kama “Mhudumu hakuwa makini akaanguka” haimsaidii yeyote. Inatoa hukumu bila maelezo. Andika hivi: “Saa 3:20 asubuhi, kwenye korido iliyo mbele ya ofisi ya uhasibu, mhudumu aliyebeba ndoo aliteleza kwenye maji yaliyovuja kutoka kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Hapakuwa na alama ya tahadhari. Aliangukia mkono wa kushoto na kifundo kimevimba. Mpokea wageni alishuhudia, na anasema bomba la mtungi lilianza kuvuja jana yake.” Hapo inaonekana wazi kwamba cha kurekebishwa ni bomba.

Taarifa hiyo ndiyo pia msingi wa madai ya fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, unawahusu watumishi wa umma na wa sekta binafsi Tanzania Bara. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu ndani ya siku 7 tangu apate habari za ajali, na madai yasiyowasilishwa ndani ya miezi 12 huweza kupotea. Mtumishi abaki na nakala za taarifa na za vyeti vya hospitali, wala asiache kila kitu mikononi mwa ofisi ya utumishi.

Daftari la matukio liwe na safu ya hatua zilizochukuliwa, jina la aliyekabidhiwa kazi na tarehe ya kuikamilisha. Mwakilishi wa usalama na afya alisome kila wiki, na safu iliyo tupu aifikishe kwa mkuu wa idara kwa maandishi.