Kuitafuta Pete Iliyopotea Ufuoni kwa Detekta

Pete ikianguka mchangani haisafiri mbali, huzama. Dhahabu safi ni nzito takribani mara 19 kuliko maji, na hata ile ya karati 18, ambayo robo yake ni metali nyingine, bado huushinda mchanga kwa uzito mara kadhaa. Kwa hiyo kila wimbi linapoutibua mchanga, pete hushuka kidogo, hadi ifikie tabaka gumu la kokoto, udongo au mwamba wa matumbawe. Detekta ya kawaida, yaani mashine ya kutambua metali iliyofukiwa, huisikia pete ya ndoa katika kina cha sentimita 20 hivi, au zaidi kidogo ikiwa mashine ni nzuri na mchanga umetulia. Kutokana na hali hizo mbili, mtafutaji anapaswa kuwahi, na anapaswa kupajua mahali penyewe badala ya kuzunguka ufuo mzima akibahatisha.

Basi kazi huanza kwa kumhoji mwenye pete, na sehemu hii haifai kuharakishwa. Nenda naye hadi ufuoni, umsimamishe pale alipokuwa, kisha aeleze aliingilia wapi majini, saa ngapi, maji yalimfika kiunoni au kifuani, na mara ya mwisho aliiona lini pete kidoleni. Mwombe akuonyeshe picha alizopiga siku hiyo kwa simu, kwa kuwa picha huhifadhi saa, na mnazi au ukuta unaoonekana nyuma yake utakusaidia kupatambua mahali vizuri kuliko kumbukumbu ya mtu aliyefadhaika. Muulize pia kama alijipaka mafuta. Wapo wengi wanaoapa kuwa pete iliwatoka majini, ilhali waliivua ili wajipake mafuta, wakaiweka juu ya leso, na wakati wa kuondoka wakaikung'uta leso hiyo. Mimi huanza kila mara palipotandikwa leso, hata mwenyewe akinihakikishia kwamba napoteza wakati.

Ikiwa kweli ilipotelea majini, tazama mwezi kabla ya kutazama mashine. Katika pwani yetu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huzidi mita 3. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua hadi mita 1 hivi. Maana yake ni kwamba mahali ambapo mtu alisimama maji yakimfika kifuani huku yamejaa, baada ya saa sita hivi huenda pakawa mchanga mtupu unaotembeleka kwa miguu. Mjini Mombasa, maji ya bamvua hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji ambalo litakupa saa kamili. Fika saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, uyafuate yanavyorudi nyuma. Kama pete ilipotea wakati wa maji mafu, itafute mara moja kadiri uwezavyo, kisha urudi bamvua inayofuata. Usikae tu ukiingojea, hasa katika msimu wa kusi ambapo mawimbi huhamisha mchanga mwingi.

Kuhusu mashine, mchanga mkavu hausumbui, lakini mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, na detekta nyepesi inayotumia masafa mamoja, yaani kasi moja tu ya mitikisiko ya umeme, hupiga kelele ovyo juu yake. Inayotumia masafa kadhaa kwa pamoja hutulia zaidi. Ile ya mipigo, inayotuma umeme kwa vishindo vifupi vifupi, hufika chini zaidi na haijali chumvi, ila kwa kawaida haiwezi kukutofautishia msumari na dhahabu, kwa hiyo utachimba sana. Mchanga mweupe wa matumbawe wa Diani au Nungwi ni rahisi. Mchanga mweusi wenye madini mazito, kama ule wa Mambrui karibu na mlango wa mto Sabaki, utakulazimisha kupunguza wepesi wa mashine wa kuhisi.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kuiambia mashine ipuuze takataka. Pete ya dhahabu hutoa sauti na namba zinazofanana na za karatasi ya jaribosi au kishikio cha kopo la soda. Ukivizima hivyo, umeizima na pete. Ikiwa mwenzi wake ana pete ya aina ileile, iazime, uifunge kwenye uzi, uifukie sentimita 10 kisha 15 katika mchanga wa hapohapo, na usikilize. Sasa unajua unachokitafuta. Kumbuka tu kwamba pete yenye ufa husikika hafifu, kwa sababu duara lake limekatika na umeme hauwezi kulizunguka.

Pigilia vijiti, ufunge kamba, upate miraba ya mita 5 kwa 5. Pitisha sahani ya mashine, yaani kile kiduara cha chini kinachohisi metali, ikiwa sambamba na ardhi na karibu nayo bila kuigusa, polepole, kila pito likifunika nusu ya lililotangulia. Ukimaliza mraba, urudie kwa kuukata kwa upande wa pili, kwani pete iliyosimama wima ni rahisi kupitwa. Vaa vipokea sauti masikioni, maana upepo na mawimbi humeza sauti ndogo. Chimba kwa koleo lenye matundu, uchekeche, kisha upitishe mashine tena shimoni kabla ya kulifukia. Vizibo vya soda utakavyovipata ni vingi mno. Vitie mfukoni, usivirudishe mchangani.

Sehemu ya juu ya ufuo, ambako kasa hutaga, usichimbe karibu na viota vilivyowekewa alama. Ndani ya hifadhi za bahari, kama za Watamu na Malindi zilizoanzishwa mwaka 1968, omba ruhusa kwanza kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ukikuta sarafu ya kale au kigae cha zamani, kiache palepale na uwaarifu Makumbusho ya Taifa.

Ukikuta pete nyingine usiyotumwa, ulizia hotelini na utoe taarifa polisi, kwa sababu kujichukulia kitu ambacho mwenyewe anaweza kupatikana huhesabiwa kuwa wizi. Hata ile uliyotumwa, usiitoe mfukoni kabla mwenyewe hajakutajia maandishi yaliyochorwa ndani yake.