Ruhusa kwa jukumu, si kwa mtu: kupanga watumiaji kwenye seva ya Ubuntu

Ofisi nyingi zenye seva ya Linux (Ubuntu ni aina moja ya mfumo huo) zinaendeshwa na akaunti moja ya usimamizi, na nenosiri lake linajulikana na nusu ya ofisi. Mtu akiacha kazi anaondoka nalo. Tovuti ikianguka usiku, kumbukumbu za mfumo zinaonyesha jina moja tu, la akaunti ambayo kila mtu anaitumia. Kuna njia bora: jukumu lipewe ruhusa, kisha mtu awekwe kwenye jukumu hilo. Kwa seva moja au mbili, makundi na sudo, yaani amri inayomwezesha mtumiaji kuendesha amri za msimamizi, vinatosha.

Kabla ya kugusa kibodi, andika kwenye karatasi kila jukumu na kazi zake. Hapa nitatumia moja: fundi wa tovuti, anayebadilisha kurasa za duka la mtandaoni, na anayekagua mipangilio ya nginx (programu inayotoa kurasa hizo kwa wageni) na kuiwasha upya. Basi.

Hatua ya 1: tengeneza kundi, mwingize mtu

```
sudo groupadd wavuti
sudo adduser asha
sudo usermod -aG wavuti asha
```

Hiyo herufi `a` usiisahau. Ukiandika `-G` peke yake, mtumiaji anatolewa kwenye makundi yake mengine yote ya ziada, na akiwa msimamizi anapoteza hata kundi la sudo.

Hatua ya 2: fungua folda kwa kundi

```
sudo apt install acl
sudo setfacl -R -m g:wavuti:rwX,d:g:wavuti:rwX /var/www/duka
```

Sehemu inayoanza na `d:` inahakikisha faili zitakazotengenezwa baadaye zinarithi ruhusa hiyo. `X` kubwa inaruhusu kuingia kwenye folda bila kuzigeuza picha na kurasa kuwa programu za kuendeshwa. Asha, fundi wetu wa mfano, atoke na kuingia upya ndipo kundi jipya lianze kumfanyia kazi. Athibitishe kwa amri ya `id`.

Hatua ya 3: amri za sudo

Hapa ndipo penye hatari, kwa hiyo nenda taratibu. Tumia visudo, amri ya kuhariri faili za ruhusa za sudo, kila mara, kwa kuwa inakagua sarufi ya faili kabla ya kuihifadhi. Faili ya sudo yenye kosa inaweza kukufungia nje ya usimamizi.

```
sudo visudo -f /etc/sudoers.d/wavuti
```

Ndani yake weka mstari huu, unaoliruhusu kundi la wavuti kukagua mipangilio ya nginx na kuiwasha upya kama root, akaunti yenye mamlaka yote:

```
%wavuti ALL=(root) /usr/sbin/nginx -t, /usr/bin/systemctl restart nginx
```

Jina la faili lisiwe na nukta. Ukiiita `wavuti.conf`, sudo inairuka kimya kimya, nawe utahangaika kutafuta kosa lisilokuwepo.

Andika amri nzima pamoja na vigezo vyake. Ukiishia `/usr/bin/systemctl` (amri ya kusimamia huduma za seva), umemruhusu kusimamisha huduma yoyote, hata kuzima seva. Nyota (`*`), inayomaanisha kigezo chochote, nayo iepuke kabisa.

Hata `systemctl status`, inayoonekana haina madhara, ina historia mbaya. Matokeo yake marefu hufunguliwa ndani ya less, programu ya kusomea maandishi, na kwenye systemd (programu inayoendesha huduma za seva, yenye amri ya systemctl) za kabla ya toleo la 247 mtu aliyepewa amri hiyo kwa sudo aliweza kuandika `!sh` humo, akafungua dirisha la amri na kupata mamlaka yote ya root. Usimpe mtu vim (programu ya kuhariri maandishi) wala less kupitia sudo kwa sababu hiyohiyo. Mipangilio ya nginx pia ibaki mikononi mwa msimamizi: mchakato mkuu wa nginx unaanza kama root, hivyo anayeandika mipangilio anaweza kuuagiza uandike kumbukumbu zake juu ya faili yoyote ya mfumo.

Hatua ya 4: kagua

```
sudo visudo -c
sudo -l -U asha
```

Linganisha orodha inayotoka na karatasi yako. Kikizidi kitu, kiondoe leo. Kuanzia hapa Asha anatumia nenosiri lake mwenyewe, na `sudo journalctl _COMM=sudo` itaonyesha jina lake, saa na amri aliyoiendesha.

Hatua ya 5: mtu akibadilisha kazi

```
sudo gpasswd -d asha wavuti
sudo loginctl terminate-user asha
```

Amri ya pili watu wengi huiacha. Bila hiyo, dirisha alilokuwa amelifungua linaendelea kuwa na ruhusa za kundi mpaka atakapotoka mwenyewe.