Namna ya Kuandaa Pambano la Unguja la 1914 Mezani Bila Kuipotosha Historia

Mapigano mengi ya baharini hayakuwa na usawa. Nahodha mwenye akili alijitahidi asipigane mpaka awe na hakika ya kushinda, na kwa hiyo anayeyarudia mapigano hayo mezani kwa meli ndogo za mfano, awe Tudor, Kizingo au Mji wa Kale mjini Mombasa, humkabidhi mwenzake upande uliokwisha kushindwa. Dawa ya wengi ni kuipunguzia nguvu meli kali na kuiongezea ile dhaifu mpaka zilingane. Naipinga dawa hiyo. Meli ziachiwe mizinga yake na mwendo wake. Kinachofaa kurekebishwa ni lile ambalo kila upande unatakiwa kulitimiza ili uhesabiwe kuwa umeshinda.

Kabla ya kuandika kadi za meli, zinazoonyesha nguvu za kila meli mchezoni, nenda Fort Jesus. Ipo pale mizinga miwili inayohusu pambano hili, mmoja wa Pegasus, manowari ya Uingereza, na mmoja wa Königsberg, manowari ya Ujerumani. Itazame midomo yake: wa kwanza una upana wa inchi 4, yaani takriban sentimita 10.2, na wa pili sentimita 10.5. Tofauti ni milimita tatu tu. Pegasus ilibeba mizinga minane ya namna hiyo, Königsberg kumi. Kanuni zinazopima nguvu ya meli kwa upana na idadi ya mizinga zitakuonyesha kwamba meli hizi zinakaribiana, na hapo ndipo zinapopotosha. Pegasus iliteremshwa majini mwaka 1897, Königsberg mwaka 1905, na ilipofika siku ya kupambana, Königsberg ilianza kupiga ikiwa mbali kwa zaidi ya kilomita 8, ilhali makombora ya Pegasus yaliangukia majini kabla ya kuifikia. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza kuandikwa kwenye kadi liwe umbali wa mzinga, ndipo ufuate upana wake.

Kipimo cha meli na kipimo cha bahari visichanganywe. Königsberg, iliyokuwa na urefu wa mita 115, huwa na karibu sentimita 4 katika kipimo cha 1:3000, lakini kilomita 8 kwa kipimo hichohicho zingehitaji meza ya karibu mita 2.7. Bahari ipimwe kwa sentimita 1 kwa kila mita 100, na zamu moja iwe dakika 3. Noti 1 ni mita 1,852 kwa saa, ambazo kwa dakika 3 ni karibu mita 93; basi meli inayokwenda noti 20 husogezwa sentimita 18 na nusu. Anayetaka wepesi ahesabu sentimita 1 kwa kila noti, maana ziada hiyo ni ndogo na inawahusu wote sawasawa.

Sasa pambano lenyewe. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Pegasus ilikuwa imetia nanga bandarini Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, na haikuweza kuondoka. Tagi, yaani meli ndogo ya kuvuta nyingine, iliyoitwa Helmuth ilikuwa ikilinda mlango wa kusini, lakini onyo halikufika kwa wakati. Pegasus ilinyamazishwa kwa muda usiofika saa moja, na baadaye siku hiyohiyo ikazama. Mabaharia wake zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yako Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya mji. Nalitaja hili kwa kuwa ndilo linalonizuia kukubali Pegasus ya mezani yenye nguvu ambazo watu wale hawakuwa nazo.

Ukiuliza ni meli gani itazama, mchezo umekwisha kabla dadu haijarushwa. Uliza Königsberg italipa gharama gani. Nahodha wake, Max Looff, hakuwa na bandari ya kupata makombora mengine wala uhakika wa makaa ya mawe, na kila dakika aliyokaa pale iliongeza hatari ya kukutwa na manowari nyingine za Waingereza. Mizani ya mchezo imo humo, na hakuna hata kimoja cha kubuni.

Mchezo uwe wa zamu 15. Königsberg ianzie sentimita 85 kutoka Pegasus, na katika kila zamu iruhusiwe kupiga mikupuo (mizinga kadhaa ikipiga kwa pamoja) isiyozidi mitatu, kila mkupuo ukitiwa alama kwenye karatasi. Mikupuo 20 ya kwanza haina gharama. Kila unaozidi humpa Mwingereza, yaani mchezaji wa Pegasus, pointi 1. Kombora lolote linaloipata Königsberg humpa pointi 5, kwa kuwa hapana gudi ya kuitengenezea, na Pegasus ikimaliza zamu zote ikiwa na mzinga mmoja unaopiga, huongezewa 10. Mjerumani hupata 20 kwa kuizima mizinga yote ya Pegasus. Hapo Mjerumani analazimika kufikiri kweli: akikaa mbali atakuwa salama lakini atayamaliza makombora yake, na akisogea ayatumie kwa uangalifu, ataingia ndani ya umbali wa mizinga ya Pegasus.

Kuhusu Helmuth, Mwingereza arushe dadu moja kabla ya zamu ya kwanza. Ikitoka 6 onyo limefika, na isipotoka, Pegasus haipigi katika zamu mbili za mwanzo. Lakini isiondoke nangani kwa hali yoyote. Mkitaka Pegasus yenye moto katika boila zake, inayoweza kuondoka, chezeni hivyo, ila juu ya karatasi iandikwe wazi kwamba hilo lingeweza kutokea na halikutokea.

Chezeni mara mbili kwa kubadilishana pande, kisha mlinganishe pointi. Upande uleule ukishinda mara zote mbili kwa wingi, badilisheni idadi ya mikupuo isiyo na gharama pekee, minne kwa wakati mmoja. Umbali wa mizinga usiguswe.

Pambano la Königsberg hiyohiyo na Waingereza katika delta ya Rufiji, Julai 1915, lina tatizo jingine. Severn na Mersey, manowari za Waingereza zilizoweza kupita kwenye maji machache, zilikuwa na mizinga miwili ya inchi 6 kila moja, na mikoko iliwaficha wapinzani wasionane. Ndege kutoka Mafia ziliwaeleza Waingereza makombora yao yanaangukia wapi. Wajerumani nao walikuwa na waangalizi nchi kavu. Tarehe 6 Mersey ilipigwa na Waingereza wakarudi nyuma, tarehe 11 Königsberg ikaangamizwa. Usawa hapa unatokana na macho. Weka kadibodi katikati ya meza ili kila mchezaji aone upande wake tu, na mtu wa tatu awe msimamizi: amwambie mpigaji kombora limeanguka wapi ikiwa tu mwangalizi wa upande huo bado yupo, na anapoondolewa, mpigaji asipewe jibu lolote mpaka apate mwingine.