Pima uzito wa kampavani mpya kabla ya safari ya kwanza

Familia nyingi nchini Uingereza zinaponunua kampavani mpya ili iwe gari la shule na la sokoni siku za kazi, kisha nyumba ya kulala wikendi, huangalia vitanda na jiko, lakini husahau uzito, jambo ambalo mimi naliona kuwa la kwanza. Uzito wa gari unaotajwa na mtengenezaji kwa kawaida humhesabu dereva peke yake, kwa makadirio ya kilo 75. Mwenzi wako, watoto, viti vyao, baiskeli, turubai la kivuli na vyombo vyote vinatoka katika akiba iliyobaki, yaani uzito unaoweza kuongezwa kabla ya kufikia kikomo cha gari, na kwa kuwa kila lita ya maji ni kilo 1, tangi la lita 70 likijaa hula kilo 70 za akiba hiyo. Pakia kila kitu, panda na familia nzima, kisha pitisha gari kwenye mizani ya umma, ukilinganisha uzito kwenye kila ekseli (mhimili wa magurudumu) na vikomo vilivyoandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji. Aliyefaulu mtihani wa gari dogo tangu Januari 1997 kwa kawaida huruhusiwa kuendesha gari ambalo kikomo chake cha uzito hakizidi kilo 3,500, na kuzidisha uzito si hatari ya breki na matairi tu, bali pia ni kosa kisheria.

Pima pia kimo, pamoja na chochote kilichofungwa juu ya paa, uandike namba hiyo karibu na usukani, kwani maegesho mengi ya ghorofa huzuia magari yanayozidi mita 2 hivi.