Kuiona hewa ikigeuka ioni kwa chupa ya jemu na mshumaa

Wanafunzi wanakariri kwamba gesi haipitishi umeme, halafu jioni wanaiona radi ikikata anga kilomita kadhaa. Hapo hewa yenyewe imebadilika. Baadhi ya molekuli zake zimenyang'anywa elektroni: zenyewe zimebaki ioni, yaani chembe zenye chaji, hapa chaji chanya, na elektroni zilizong'oka ziko huru kubeba umeme. Jambo hili unaweza kulishuhudia mezani kwako.

Hatua ya 1. Chukua chupa ya jemu ya kioo, ikauke kabisa. Toboa kifuniko cha plastiki, pitisha waya wa shaba, kisha ziba tundu kwa nta ya mshumaa. Ncha ya ndani ikunje kama ndoano, utundike vipande viwili vyembamba vya foili, sentimita 3 kila kimoja, vikiwa vimelaliana. Ncha ya juu ivishe kidonge cha foili. Hiyo ni elektroskopu, kifaa cha kuonyesha chaji.

Hatua ya 2. Sugua kipande cha bomba la plastiki kwa kitambaa cha sufu au nywele kavu, kisha kiburute juu ya kidonge. Foili zitaachana kama mbawa za kumbikumbi, kwa kuwa zote zina chaji ya aina moja na zinasukumana.

Hatua ya 3. Usiguse kitu. Tazama saa. Mbawa zinashuka polepole, na si kwa sababu ya nta mbovu tu: hewa ina ioni chache zinazoifuta chaji. Hata vifaa bora vya maabara vilikuwa vinapoteza chaji hivyo hivyo, na wataalamu walidhani chanzo cha ioni hizo ni mionzi ya ardhini peke yake. Mwaka 1912 Victor Hess wa Austria alipanda na vifaa vyake kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000. Kama chanzo kingekuwa ardhi tu, huko juu hewa ingekuwa na ioni chache. Alikuta zimeongezeka. Ndivyo ilivyogunduliwa mionzi inayotoka angani, nje ya dunia, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Hatua ya 4. Chaji upya. Washa mshumaa, usogeze taratibu hadi nusu shubiri kutoka kwenye kidonge. Mbawa zinafunga. Nimelifanya jaribio hili mara nyingi na bado hunishika pumzi, maana mkono haujagusa waya. Ioni zilizozaliwa kwenye mwali zimevuka hewa na kuifuta chaji.

Wengi watasema ni joto. Kwa mshumaa, joto halitoshi. Kung'oa elektroni kwenye molekuli ya oksijeni kunataka elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) 12 hivi, kwenye naitrojeni zaidi ya 15, ilhali molekuli ya kawaida ndani ya mwali haina hata nusu ya elektronivolti moja. Kazi inafanywa na kemia: vipande vya nta inayoungua vinapokutana na atomu za oksijeni, nishati ya muungano huo ndiyo inayofukuza elektroni. Joto peke yake linaweza kazi hiyo ndani ya nyota.

Juu angani, kuanzia kilomita 60 hivi, kazi hiyo hufanywa na miale ya jua ya urujuanimno na eksirei.

Maabara hutumia zaidi mgongano. Gesi hutiwa kwenye bomba la kioo, nyingi hunyonywa ibaki kidogo, kisha umeme huwekwa kwenye ncha mbili. Elektroni moja huru huvutwa, hushika kasi, hugonga atomu na kung'oa nyingine. Mbili huwa nne, nne huwa nane. Gesi hupunguzwa ili elektroni ipate nafasi ya kukimbia kabla ya kugonga. Kwenye hewa ya kawaida, poromoko hilo hutaka volti kama milioni 3 kwa kila mita. Ile elektroni ya kwanza huwa imeachwa na mionzi ya ardhi na ya anga, ileile inayoshusha mbawa za chupa yako.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niko Tanga. Foili haziachani kabisa.*
Ni unyevu wa pwani, ndugu yangu. Anika chupa na bomba juani mchana, au fanyia kwenye chumba chenye kiyoyozi. Nta nayo isiguswe na vidole.

*Taa ndogo ndani ya bisibisi ya testa ni jambo hilihilo?*
Ndilo. Ndani mna neoni kidogo, na rangi ya chungwa unayoiona inatoka kwenye atomu zilizogongwa na elektroni.

*Mbona usiku redio ya mawimbi ya kati inashika stesheni za mbali?*
Mchana tabaka la chini la ioni angani humeza mawimbi hayo. Jua likizama, ioni zake huungana upesi na elektroni, tabaka linatoweka. Mawimbi hufika matabaka ya juu na kurudishwa chini mbali sana.

*Mwanangu anauliza: kama hewa ina ioni, kwa nini haitupigi shoti?*
Mwambie achukue hewa ya ujazo wa sentimita moja kila upande. Ndani mna molekuli kama bilioni 25 mara bilioni moja. Karibu na ardhi, zinazong'olewa elektroni kila sekunde ni kama 10.