Vijidoa Baada ya Tetekuwanga: Mambo ya Kuzingatia Kabla Damu Haijaanza Kumtoka Mtoto

Mtoto akishapona tetekuwanga, surua au hata mafua ya kawaida, wazazi wengi huona yamekwisha. Mimi nakuomba uendelee kumkagua kwa wiki nne nyingine, kwa sababu ni katika kipindi hicho ambapo kinga ya mwili, iliyotoka kupambana na virusi, huweza kukosea na kuzishambulia chembe sahani za damu yake mwenyewe. Chembe sahani ndizo zinazoziba tundu pale mshipa mdogo unapopasuka. Kwa kawaida mtoto huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu, lakini kingamwili zikishazishika, bandama huziharibu upesi kuliko uboho unavyoweza kutengeneza nyingine, na hesabu huweza kushuka chini ya 20,000. Ugonjwa huu, ambao madaktari huuita ITP, huwapata zaidi watoto wa miaka miwili hadi sita, tena wengi wao wakiwa wazima na wachangamfu, jambo ambalo humfanya mzazi achelewe kushtuka.

Jambo la kwanza ni kujua unachokitafuta. Mkague wakati wa kumwogesha, mchana, penye mwanga wa kutosha. Tafuta vijidoa vidogo kama ncha ya pini, vyekundu au vya zambarau, hasa miguuni na mahali ambapo mpira wa soksi au wa nguo ya ndani hubana. Kwenye ngozi nyeusi huweza kufichika, kwa hiyo mfungue mdomo utazame kaakaa na ndani ya mashavu, kisha utazame nyayo na viganja. Bibi yake mwanangu alisema ni mbu, nami nilikubali kwa siku mbili nzima. Kumbuka kwamba alama ya mbu huinuka na huwasha, ilhali vijidoa hivi havina uvimbe wala mwasho, na ukivigandamiza kwa bilauri ya kioo vinaendelea kuonekana vilevile. Ukiona pia alama za damu iliyovilia chini ya ngozi mahali ambapo hakuanguka wala kupigwa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Akiwa na vijidoa pamoja na homa kali, shingo iliyokakamaa au ulegevu, usingoje hata saa moja, kwa kuwa hiyo huweza kuwa sumu ya bakteria katika damu au homa ya uti wa mgongo.

Ukifika hospitali, omba kipimo cha picha kamili ya damu, na uulize kama tone la damu limetazamwa kwa hadubini. Malaria na homa ya dengi nazo hushusha chembe sahani, kwa hiyo kipimo cha malaria kisirukwe. Usione haya kuuliza kuhusu hadubini hasa kabla mtoto hajaanzishiwa predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa sababu dawa hiyo huweza kuifunika saratani ya damu kwa muda na kuchelewesha utambuzi wake. Mweleze daktari pia kama mtoto amepungua uzito, analalamika mifupa inauma, au ana mitoki iliyovimba, kwa maana dalili hizo si za ugonjwa huu. Ukiambiwa kwamba hapewi dawa yoyote kwa sasa, usidhani umepuuzwa: mara nyingi mtoto asiyetoka damu huangaliwa tu, na wengi hupona wenyewe ndani ya miezi michache.

Sasa naomba usome polepole. Mwanangu alikuwa na miaka minne, wiki mbili baada ya tetekuwanga, na hesabu yake ilikuwa 14,000. Daktari aliturudisha nyumbani akatuonya tusimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, na kwamba homa ikipanda apewe parasetamoli peke yake. Niliyaandika hayo kwenye daftari lake la kliniki kwa mkono wangu. Usiku wa siku ya tatu homa ikapanda. Baba yake alikimbilia duka la dawa lililokuwa linakaribia kufungwa, akaomba parasetamoli ya maji ya watoto. Muuzaji akamjibu, “Hiyo imekwisha, baba, lakini chukua hii, nayo ni parasetamoli ila inashusha homa haraka zaidi.” Nilipoipokea chupa niliona neno parasetamoli kwa herufi kubwa, nikaridhika. Nilimpa mililita tano usiku na tano nyingine alfajiri.

Kulipopambazuka foronya ilikuwa imelowa damu. Nilimwinamisha mbele, nikambana pua kwa dakika kumi, kisha kumi nyingine, na kila nilipoachia damu ilirudi. Hospitalini muuguzi aliuliza swali moja tu: “Mama, umempa dawa gani?” Nilimpa chupa. Aliigeuza, akaweka ukucha wa kidole gumba chini ya mstari mdogo uliokuwa ubavuni, nami nikasoma: ibuprofeni, miligramu 100 katika kila mililita tano. Dawa hiyo huzizuia chembe sahani zisishikamane. Mtoto alikuwa na chache mno, nami nilikuwa nimezinyima hata hizo chache uwezo wa kufanya kazi yake. Alizibwa pua, akatundikiwa dripu ya kingamwili za wachangiaji damu, ambazo huizuia bandama isiendelee kuziharibu chembe sahani, na damu ikakoma jioni. Leo ni mzima, lakini ile foronya sijaisahau.

Kwa hiyo nunua parasetamoli mapema, mchana, ukiwa na utulivu, na usome maandishi yote ya chupa, hasa yale madogo, kwa kuwa dawa zinazochanganya parasetamoli na ibuprofeni zinauzwa kama dawa ya homa ya kawaida. Andika majina ya dawa zilizokatazwa kwenye karatasi, uibandike jikoni, na umsomee kila anayebaki na mtoto: dada wa kazi, bibi, shangazi, mwalimu wa chekechea.

Mengine ni mafupi. Mkate kucha. Mpe mswaki laini. Asipande miti wala baiskeli hadi daktari aruhusu. Asichomwe sindano ya msuli pasipo daktari anayeijua hesabu yake. Tohara, kung’oa jino na kutoboa masikio vyote visubiri. Chanjo usiziache kwa woga, bali muulize daktari ratiba yake, maana aliyepewa dripu ya kingamwili huahirishiwa chanjo ya surua.

Jua pia usiku utasafirije. Weka akiba ya nauli na namba ya dereva unayemwamini, kwa sababu kutoka damu kichwani ni nadra sana lakini hakungoji asubuhi. Maumivu makali ya kichwa, kutapika mfululizo, usingizi usio wa kawaida, degedege au kuanguka kwa kichwa ni sababu ya kuondoka mara moja. Choo cheusi kama lami, damu kwenye mkojo, au damu ya puani isiyokoma kwa dakika ishirini nayo ni hivyohivyo. Na macho yakiwa ya manjano, mtoto akipauka na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, sema hivyo mlangoni kabla hujakaa kwenye benchi, kwa kuwa kinga ileile huweza kuzigeukia chembe nyekundu za damu, na huko mtoto huishiwa damu ndani ya siku chache. Nenda na daftari la kliniki, majibu ya vipimo vyote hata vya zamani, na chupa ya kila dawa aliyokunywa, hata ile ya mitishamba, hata ile uliyopewa na jirani.