Jinsi ya Kusomea na Kufuzu Uuguzi wa Utengamao

Muuguzi wa utengamao humhudumia aliyepata kiharusi, aliyeumia ubongo au uti wa mgongo, au aliyekatwa kiungo, mpaka ajitegemee kadiri mwili wake unavyoruhusu. Njia huanzia kwenye uuguzi wa kawaida: stashahada au shahada, mtihani wa usajili, kisha leseni. Ukiweza kuchagua, soma shahada, maana kozi nyingi za juu za ubobezi huidai.

Ukishapata leseni, fanya kazi kwanza mwaka mmoja au miwili katika wodi ya magonjwa ya ndani, mifupa au mishipa ya fahamu. Wengi hutamani kuiruka hatua hii, na hilo ni kosa. Mgonjwa wa utengamao anaweza kupata damu iliyoganda mguuni, ikasafiri hadi kwenye mapafu, na mara nyingi wewe ndiye wa kwanza kumwona. Mguu mmoja uliovimba au pumzi inayokatika ghafla lazima uitambue bila kusubiri kuambiwa.

Hamia kwenye wodi ya utengamao ukiwa na orodha ya ujuzi unaoutafuta, na msimamizi asaini kila unapoumudu. Ngozi: mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, na aliye kwenye kiti cha magurudumu hupunguza mgandamizo wa makalio kila dakika 15 hadi 30. Kumhamisha mtu aliyepooza upande mmoja: weka kiti upande wake wenye nguvu, funga breki zote mbili, ondoa vikanyagio, wala usimvute kwa mkono uliopooza, kwani bega lake huteguka kirahisi. Haja kubwa hupangiwa saa ileile kila siku, dakika 20 hadi 30 baada ya mlo, wakati utumbo unaposukuma wenyewe.

Kibofu ndicho kinachowashinda wanafunzi wengi. Mpira wa mkojo wa kuingiza na kutoa hutumika kila baada ya saa 4 hadi 6, na lengo ni mkojo usizidi mililita 500 kwa mara moja. Ukipata 700, fupisha muda au pangeni upya vinywaji. Ukiacha hali hiyo iendelee, kibofu hutanuka na mkojo unaweza kurudi kwenye figo.

Kuna dharura moja ambayo usiingie zamu bila kuijua. Aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu yake anaweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla, kichwa kikamgonga na jasho likamtoka usoni. Namba ya juu ya shinikizo lake la kawaida huweza kuwa 90 hadi 110, kwa hiyo 130, ambalo kwa mtu mwingine halishtui, kwake ni hatari. Mketishe wima mara moja, legeza nguo, kagua kama mpira wa mkojo umekunjika au umeziba, kisha fikiria choo kilichokwama. Daktari aitwe papo hapo, na shinikizo lipimwe kila baada ya dakika chache. Anayemlaza mgonjwa huyu akidhani anazimia humwongezea hatari, kwa sababu kulala huzidisha shinikizo.

Jizoeze pia kunyamaza na kusubiri. Mgonjwa akitumia dakika 10 kufunga vifungo vya shati, usimfungie; yale mazoezi aliyopewa na mtaalamu humkaa mwilini kwa njia hiyo, usiku na wikendi mtaalamu asipokuwepo.

Cheti cha ubobezi hutofautiana kati ya nchi na nchi. Nchini Marekani, cheti cha CRRN, yaani cha muuguzi aliyesajiliwa na kubobea katika utengamao, huhitaji leseni hai na, kwa njia ya kawaida, miaka 2 ya uuguzi wa utengamao ndani ya miaka 5 iliyopita, kisha mtihani. Hudumu miaka 5 kabla ya kuhuishwa. Kwenu uliza baraza la wauguzi kabla ya kulipa ada ya kozi yoyote: je, wanaitambua? Na barua za kuthibitisha kazi ziombe ukiwa bado kazini, zikitaja wodi, tarehe na aina ya wagonjwa, kwa kuwa barua isemayo tu "alikuwa muuguzi" inaweza kukataliwa.